Kawia Ufike

Mama mdogo aliyetulea alikuwa na neno moja la kutuagia. Kila tulipopanda basi pale Lindi kurudi Dar es Salaam, alisimama chini ya dirisha, kanga moja kichwani na nyingine kiunoni, akatupa mkono na kusema, "Kawia ufike." Hakusema zaidi ya hapo. Tulipokuwa wasichana tuliona ni mazoea ya wazee, nasi tuliitikia tu huku tukitafuta nafasi ya kuketi. Tulikuja kulielewa neno hilo siku ya Jumamosi, tarehe 4 Mei 2024, tukiwa njiani kwenda kumzika yeye mwenyewe.

Akina mama wenzetu mliozaliwa au kuolewa mikoa ya Lindi na Mtwara hamna haja ya kuelezwa barabara ya kusini ilivyokuwa zamani. Kwa wengine tueleze kidogo. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi ni karibu kilometa 450. Kabla ya mwaka 2003 mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na nyakati za masika watu walilala mtoni wakisubiri. Basi likinasa kwenye tope, wanaume walishuka kusukuma na akina mama walishuka kupika uji. Tuliwahi kutumia siku tatu kufika kwetu. Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilometa moja, na pantoni ikapumzika. Bado zikabaki kilometa 60 kati ya Ndundu na Somanga, ambazo zilitiwa lami mwisho kabisa, katika miaka ya 2010. Tangu hapo mtu huondoka Dar alfajiri akala chakula cha mchana Lindi. Wepesi huo ulitusahaulisha kuwa nchi ni ile ile, na mito ni ile ile.

Habari za msiba

Ijumaa jioni simu ililia. Mjomba alitupa habari kuwa Mama mdogo amefariki, na kwamba mazishi yatakuwa Jumapili saa 9 alasiri, ili sisi tuwahi. Tulilia, kisha tukaanza kufunga mizigo. Sisi ni ndugu wanne wa kike, na wifi yetu akasema hawezi kubaki. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na mtoto wa miezi 7, ananyonya, kwa hiyo naye hakuwa wa kuachwa.

Siku zile redio na televisheni zilikuwa zikitangaza habari za kimbunga kilichopewa jina la Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari kwa mikoa ya pwani, na boti za kwenda Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa. Tulisikia yote hayo. Tukaambiana, "Kimbunga ni cha baharini, sisi tunapita nchi kavu." Wifi peke yake ndiye aliyeuliza kama si vizuri kungoja hadi Jumapili alfajiri. Tulimjibu vibaya. Tulimwambia kwamba yeye hakulelewa na marehemu, hawezi kujua uchungu wetu. Alinyamaza, akaenda kuchemsha maji ya chupa ya chai.

Na sisi ndio tuliopaswa kujua zaidi. Mama mdogo alikuwa akitusimulia kimbunga kilichopiga Lindi mwezi wa Aprili 1952, yeye akiwa mtoto mdogo. Alisema makuti ya nyumba yaliruka kama ndege, na wazazi wao waliwafunika watoto kwa mwili. Tuliyasikiliza kama hadithi za kulalia.

Njiani

Tuliondoka Mbagala saa 10 alfajiri katika gari dogo la kukodi. Dereva alikuwa kijana wa mtaani kwetu, mwenye adabu, umri wa kuwa mtoto wetu. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu tulipotoka. Tulipita Vikindu na Mkuranga gizani, na kulipopambazuka tulikuwa Kibiti. Upepo ulikuwa unavuta minazi upande mmoja.

Pale Daraja la Mkapa dereva alipunguza mwendo, nasi tukachungulia. Bonde la Rufiji lilikuwa limejaa maji kwa muda wa majuma mengi, kwa kuwa masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa. Mahali tulipozoea kuona mashamba ya mpunga na mahindi paling'aa maji matupu, na vilele vya miembe vikisimama ndani yake. Tulisikitika kwa ajili ya akina mama waliolima mashamba yale. Lakini daraja lilikuwa imara, tukavuka, tukasema ugumu umekwisha.

Hatukujua kwamba daraja kubwa halikuwa la kuogopwa siku ile. La kuogopwa ni vijito vidogo visivyo na jina, ambavyo msafiri huvipita mara mia bila kuviona. Kila kijito hupita chini ya barabara kwa kalavati. Mvua ikiwa ya kawaida, maji hupita. Ikiwa kubwa mno, mafuriko huleta magogo na matawi, yakaziba mdomo wa kalavati. Maji hujaa upande wa juu kama bwawa, hupanda, kisha hupita juu ya lami. Yakishuka upande wa pili huanza kula udongo wa chini. Juu utaona lami imelala vizuri na mstari wake mweupe. Chini hakuna kitu.

Tulifika Somanga kama saa 4 asubuhi. Wasafiri wa kusini wanakijua kijiji hiki cha wavuvi, maana magari mengi husimama hapo kununua samaki wa kukaanga. Siku ile hapakuwa na muuzaji hata mmoja. Mbele kidogo ya kijiji tulikuta malori yamejipanga, madereva wamesimama wamejifunika maturubai, na mbele yao maji ya rangi ya chai ya maziwa yakikatiza barabara.

Neno tulilomwambia dereva

Mzee mmoja, mvuvi, alikuwa amesimama na mti mrefu akipima kina. Alikuja dirishani akatusalimu, akasema, "Mama zangu, ngojeni. Maji haya bado yanapanda."

Dereva alizima gari. Hapo ndipo tulipokosea, na tunaandika haya tukiona aibu. Tulikuwa tumeona basi moja dogo likivuka kutoka ng'ambo muda mfupi kabla. Tulianza kusema, huyu akimaliza, huyu anaanza. "Mwanangu, mwenzako kapita." "Mama yetu anazikwa kesho." "Tumekulipa utufikishe Lindi, hatukukulipa utulaze barabarani." Dada yetu mkubwa akamwambia, "Ungekuwa msiba wa mama yako, ungesimama hapa?"

Kijana alisema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi barabara siioni." Lakini amelelewa vizuri. Hawezi kubishana na akina mama watano waliofunga kanga za msiba. Heshima yake kwetu tuliitumia kama fimbo. Aliwasha gari.

Tuliingia majini polepole. Kwanza maji yaligonga magurudumu, kisha yakagonga milango. Katikati tulisikia sakafu ina baridi, tukaona maji yanaingia chini ya miguu. Injini ikakohoa, ikazimika. Kukawa kimya, mlio wa maji tu. Kisha gari likasogea. Hakuna aliyelisukuma wala kuliendesha. Lilisogea lenyewe kwa nyuma, taratibu, kuelekea ukingo wa kulia, upande ambako maji yaliporomokea.

Gurudumu moja la nyuma likatumbukia pembeni, gari likainama na kukwama. Mdogo wetu alimwinua mtoto juu ya kichwa chake. Hatukupiga kelele. Tunakumbuka kwamba wifi, ambaye tulimnyamazisha jana yake, ndiye aliyesema, "Fungueni madirisha yote sasa hivi, kabla hayajakataa." Tukafungua. Ndilo jambo la busara lililofanyika ndani ya gari lile tangu tuondoke nyumbani.

Yule mzee mvuvi alikuwa tayari majini, na vijana kama wanane nyuma yake, wameshikana kwa kamba ya jahazi iliyofungwa kwenye lori. Walikuja kwa kufuata mkondo, wakijikinga na gari letu. Mzee alinyoosha mikono dirishani akasema neno moja tu, "Mtoto." Mdogo wetu alimtoa. Mtoto alipita mkono kwa mkono, kutoka kwa kijana mmoja hadi mwingine, mpaka nchi kavu, akilia kwa nguvu, na kilio kile kilikuwa kitamu masikioni mwetu. Kisha wakatutoa sisi, mmoja mmoja, na dereva wa mwisho. Gari walilifunga kamba, lori likalivuta kwa nyuma.

Haikupita nusu saa tukasikia mlio kama gogo linalovunjika. Lami ya pale tulipokuwa tumekwama ilikatika ikaenda na maji. Mzee aliangalia, akatikisa kichwa, hakusema, "Niliwaambia." Mpaka leo tunamshukuru kwa ukimya wake.

Matanga ugenini

Siku ile barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika mahali kadhaa katika eneo lile. Hapakuwa na kwenda mbele tena. Tulikuwa tumesimama chini ya mwembe, tumelowa, viatu vimekwenda na maji, mizigo imejaa tope. Mama mmoja mtu mzima alitujia amejifunika mkeka kichwani. Alituuliza tunakwenda wapi. Tulipomweleza, alisema, "Poleni. Basi msililie msiba barabarani. Njooni nyumbani mlie mmeketi."

Nyumba yake ilikuwa ya udongo na bati, na chumba kimoja kilikuwa kinavuja. Alitupa kanga zake kavu, zote alizokuwa nazo, hata zile ambazo bado hazijakatwa pindo. Alimkausha mtoto, akampaka mafuta ya nazi. Alipika uji wa mchele. Kisha akatoka mvuani, na aliporudi alikuwa na majirani sita. Waliingia kimya, ushungi kichwani, wakatupa mkono, kila mmoja akisema, "Poleni na msiba," wakaketi mkekani pamoja nasi. Hawakumjua marehemu wala sisi. Wao ni Waislamu, sisi ni Wakristo, na hakuna aliyeuliza jambo hilo. Walijua tu kwamba waliofiwa hawaachwi peke yao.

Upepo ulivuma jioni yote, hata tukadhani bati litang'oka. Usiku ule kimbunga kilipungua nguvu, nasi tulilala tumebanana kama watoto. Dada yetu mkubwa hakulala. Alikuwa akilia, na safari hii hakumlilia marehemu tu. Alimlilia mtoto wa mdogo wake, aliyekuwa karibu kupotea kwa ajili ya maneno yake.

Jumapili asubuhi simu moja kati ya zetu ilikubali kuwaka, na kwa kusimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba tulipata mtandao. Tulimwomba mjomba asogeze mazishi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, hatujui barabara itapona lini. Tutamzika leo saa 9. Msihangaike. Angekuwa hai angewaambia mkawie."

Saa 9 alasiri mwenyeji wetu alitandika mkeka upya. Majirani walirudi. Tuliketi, tukasali, tukaimba polepole wimbo mmoja ambao Mama mdogo aliupenda, wale akina mama wakisikiliza wameinamisha vichwa. Tulipomaliza, mwenyeji wetu naye aliinua mikono akamwombea marehemu kwa dua yake. Sote tukaitikia amina. Ndivyo tulivyomzika mama yetu, mbali na kaburi lake.

Kumaliza safari

Tulikaa Somanga mpaka matingatinga na malori ya mawe yalipofika na kutengeneza njia ya muda. Siku zile hatukukaa bure. Tulimsaidia mwenyeji kutwanga, kuchota maji na kuanika vitu vilivyolowa, naye akatufundisha kusuka ukili. Alipokubali kupokea kitu kutoka kwetu, alikubali mkufunzi wa ushonaji tu: dada yetu wa pili, ambaye ni fundi cherehani, aliwashonea watoto wa nyumba ile nguo kwa mkono.

Dereva wetu hakutulaumu. Alikuwa akijilaumu mwenyewe, na akiogopa mwenye gari. Jioni moja tulimketisha, na dada mkubwa akamwambia mbele yetu sote, "Mwanangu, ulikuwa sahihi, na sisi tulikulazimisha. Tusamehe." Kijana aliinamisha uso. Gharama ya kutengeneza injini tulichanga sisi. Haikuwa ndogo, wengine tuliuza vitenge vyetu vya akiba. Lakini lilikuwa deni letu. Wifi naye tulimwomba msamaha. Alicheka, akasema yeye amekwisha sahau. Sisi hatujasahau, na hatupendi kusahau.

Hatimaye tulifika Lindi. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mwekundu, na maua yalikuwa yamechakazwa na mvua. Watu wa matanga walikuwa wametawanyika, amebaki mjomba na majirani wachache. Hakuna aliyetushutumu. Mjomba alimchukua mtoto, akamweka chini kando ya kaburi, naye akashika udongo kwa mikono miwili na kutaka kuutia mdomoni, tukacheka huku tunalia.

Tuliyojifunza

Wapendwa, mvua za masika na za vuli zitarudi, na misiba na arusi haingoji kiangazi. Kwa hiyo tunawaachia mambo machache.

Kwanza, tahadhari ya kimbunga si ya mabaharia peke yao. Kimbunga cha baharini huleta mvua nchi kavu, na mvua hiyo ndiyo inayokata barabara. Ukisikia tahadhari, uliza kwa simu watu wa huko uendako kabla ya kuondoka.

Pili, usipime maji kwa macho. Maji yaendayo kasi yanayofika sentimeta 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimeta 30 huweza kusogeza gari dogo, na yakifika sentimeta 60 hubeba magari mengi. Tena huwezi kujua kama chini ya maji barabara ingalipo. Mwenzako kupita kabla yako si ushahidi. Basi dogo lile lilikuwa la mwisho.

Tatu, gari likizimika majini, fungua madirisha mara moja, na watoto watoke kwanza. Asiyekuwa na kamba asiingie kuokoa.

Nne, na hili ndilo zito kwetu, usimharakishe dereva. Sisi akina mama tumezoea kulaumu madereva kwa mwendo wa hatari, na mara nyingi tuna haki. Lakini siku ile dereva alisimama, na abiria ndio waliomtia majini. Anayesema, "Siioni barabara," asikilizwe, hata kama ni mdogo wetu kwa umri, hata kama tumemlipa, hata kama tuna msiba. Tena huzuni ikiwa kubwa, ndipo mtu anapopaswa kumwachia mwingine aamue. Tungemsikiliza wifi, tungemsikiliza mzee, tungemsikiliza kijana. Watatu walisema, na wote tuliwashinda kwa maneno.

Mwaka huu mtoto yule anakimbia. Tulipokwenda Lindi tena tulishuka Somanga, tukamkuta mwenyeji wetu anasuka mkeka ule ule, umekaribia kwisha. Tulikula samaki kwake. Tulipoondoka alitusindikiza hadi barabarani, akasimama chini ya dirisha, na kabla hajafungua kinywa sote tulikuwa tumekwisha jua atakalosema. Safari hii tuliitikia kwa moyo wote.